Inchaji na Kasa Aliyerudishwa Baharini

Inchaji hakujua kuogelea, hakula samaki, na hakuwahi kuiona bahari mpaka alipopanda ndege kuja Dubai akiwa na mvi tayari kichwani. Ndiye mtu aliyenifundisha bahari. Mimi nimezaliwa Pangani, mlango wa uani wa nyumba yetu unatazama maji, na bado nasema hivyo bila kuona haya.

Tulimwita Inchaji kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha kwangu siku ya kwanza: "Mimi ndiye inchaji hapa." Jina lake lilikuwapo kwenye kitambulisho alichokivaa kifuani, lakini sidhani kama kuna mlinzi aliyewahi kulisoma. Ukimsogelea kiasi cha kulisoma, ulikuwa umeshaulizwa cha kwako. Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake sizijui. Alisema yeye ni mtu wa Singida, akaishia hapo, na kwa namna alivyolitamka ilionekana mwenye akili timamu hana la kuuliza zaidi.

Alikuwa msimamizi wa walinzi kwenye jengo la ofisi na maghala upande wa Jebel Ali, na mimi nilikuwa mlinzi wa kike mgeni, nimetoka nyumbani na sanduku moja na hofu mbili: kurudishwa, na kuchekwa. Yeye alikuwa mrefu, mwembamba, na suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi ambao ungeweza kukatia kitunguu. Hata siku ya mapumziko aliuvaa mstari ule. Hata ufukweni. Na miguuni, buti za kazi, nyeusi, zimepigwa rangi mpaka zinang'aa. Wafula, mlinzi mwenzetu kutoka Bungoma, alimuuliza siku moja kama haoni joto. "Boss, hapa ni beach. Si uvae tu slippers."

"Mchanga si sababu ya kuvaa kandambili," Inchaji akamjibu, akaendelea kutembea huku akizama mpaka kifundo kila hatua.

Watu hawakumzoea. Kuna asubuhi familia moja ilikuwa imewasha mkaa pale ufukweni, nyama iko juu ya wavu, watoto wanasubiri. Walipomwona anakuja na buti zake, na daftari kwapani, yule baba akaumwagia mkaa maji, mkewe akaanza kukunja mkeka. Walidhani ni mtu wa serikali. Inchaji hakujua kama alikuwa ametisha mtu. Alisimama, akaukagua mkaa uliozimwa, akasema "Thank you, sir," akapita. Nakato, mwenzetu wa Uganda niliyelala naye chumba kimoja, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliwahurumia wale watoto, maana nyama ilikuwa bado mbichi.

Getini ndiko alikokuwa na sifa zake. Alimrudisha mkurugenzi wa kampuni iliyokodi ghorofa mbili za jengo letu, kisa amesahau kadi. Mtu ambaye tulimwona kila siku, tuliyejua mpaka manukato yake. Mkurugenzi akasema, kwa Kiingereza cha hasira, wewe hunijui? Inchaji akamjibu kwamba anamjua sana, ila sura si kadi. Ikabidi katibu muhtasi wake ashuke amwandikishe kwenye daftari la wageni, naye mkurugenzi akaingia ofisini kwake na kibandiko cha mgeni kwenye koti. Tulimfanyia Inchaji matanga siku nzima. Kesho yake ikaja barua, tukajua khalas, amekwisha. Kumbe ya pongezi. Hakuifurahia, kwa sababu walikuwa wamekosea tarehe.

Lakini mtu huyohuyo, mchana wa jua la kukaangia yai, alikuwa anawaweka vijana wanaoleta vifurushi kwa pikipiki ndani ya kibanda chake mwenyewe, chini ya AC, anawapa maji baridi. Sheria ilisema hawaruhusiwi kuingia. Nikamkumbusha. Nilitaka tu kuona atajitetea vipi.

"Hawajaingia," alisema. "Wamesimama."

Safari za ufukweni alizianzisha yeye, kabla mimi sijafika. Wengi wetu tulikaa Discovery Gardens, watu sita chumba kimoja, vitanda vya juu na chini, na siku ya mapumziko kila mtu alikuwa anajifunika blanketi na simu yake, anatazama harusi za nyumbani alizozikosa. Inchaji aliona hilo si jambo la afya. Jumapili, kabla hajaenda kanisani kwake mchana, alipita akigonga milango alfajiri. "Amkeni mkaone mali ya Mungu." Haikuwa lazima. Ila aliyekuwa anapanga zamu za wiki ni yeye, na sisi sote tulikuwa na akili.

Tulikwenda na gari la Wafula, gari lililokuwa na AC ya upande mmoja tu, na upande huo ulikuwa wa Inchaji. Ufuo wenyewe, ukiusimulia nyumbani, hakuna atakayekuamini. Nyuma yako jangwa, mchanga wa rangi ya biskuti na vichaka vifupi vilivyokonda. Kwa mbali, winchi za bandari na mabomba ya viwanda yakitoa moshi. Upande mmoja uzio wa eneo la hifadhi. Halafu mbele ya yote hayo, maji ya kijani yaliyotulia, na humo kila kiumbe ambacho usingedhani kimekubali kuishi karibu na viwanda. Heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, wamejipanga kwenye maji mafupi. Vichwa vya kasa vikichomoza na kuzama. Na wenyeji walisema nguva wapo pia, wanakula majani ya bahari kule kwenye kina, mwenye bahati huwaona.

Haya yote Inchaji aliyaandika. Daftari lake lilikuwa lilelile la matukio tunalotumia kazini, lenye mistari ya saa, tukio, na hatua iliyochukuliwa, na hakujua namna nyingine ya kuandika. Nililisoma kwa siri siku moja aliposahau kulifunga. "Saa 12:20. Heroe kumi na wanne. Wamesimama mguu mmoja mmoja. Hakuna tukio." Mstari wa chini: "Saa 12:35. Kaa mmoja alionekana akichimba shimo. Aliposogelewa alikimbia. Shimo limekaguliwa." Na mwisho wa kila ukurasa, wiki baada ya wiki, kwa mwandiko uleule: "Nguva: hajafika."

Mkewe alikuwa Singida, na kila Jumapili tukirudi garini alimpigia simu, sauti imefunguliwa, maana sikio lake moja lilikuwa zito naye hakutaka kukiri. Alimweleza yote aliyoyaona, kwa mpangilio wa daftari. Mama yule alimsikiliza kwa subira kubwa, kisha akauliza swali moja tu. "Wanaliwa?"

"Hawaliwi, mama. Wanalindwa."

"Mnalinda nini kisicholiwa," mama akasema, akakata simu. Wafula ilibidi asimamishe gari pembeni ili acheke vizuri.

Sasa niseme lile jambo lenyewe, maana bila hilo Inchaji angekuwa kichekesho tu, na mimi pia.

Ilikuwa wiki yangu ya tatu kazini. Nilikuwa bado kwenye majaribio. Tulifika ufukweni jua linachomoza, watu wanne: Inchaji, Wafula, Nakato na mimi. Wafula ndiye aliyeona kwanza. "Boss, kuna kitu inatembea pale."

Kasa. Mkubwa, ng'amba, yule mwenye gamba la madoa kama chai iliyomwagika. Alikuwa ameshavuka mstari wa majani makavu yaliyotupwa na maji, anajikokota kwenda juu, kwenye vichaka, akipumzika kila baada ya hatua chache. Inchaji akamtazama. Akatazama saa. Nikauona uso wake wa getini.

"Huyu ametoka baharini?"

"Ndiyo, afande," Nakato akajibu.

"Huko anakokwenda kuna nini?"

"Barabara, boss," alisema Wafula.

"Na baada ya barabara?"

"Jangwa tu."

Inchaji akafikiri. Hakukurupuka, nataka hilo lieleweke. Alifikiri kwa uangalifu wote, akafika mahali pasipofaa kabisa. "Basi amepotea," alisema. "Akiendelea atakufa na jua. Mrudisheni."

Mimi nilijua. Mtoto yeyote wa Pangani anajua kasa akipanda mchanga anafuata nini. Hajapotea, anataga. Bibi yangu alikuwa akituambia tusipige kelele, kuna mzazi ufukweni. Nikafungua mdomo. Inchaji akaniona. "Mlinzi mpya, una hoja?"

Nilikuwa nimetumia miaka miwili kuitafuta kazi ile. Nikamtazama mtu mwenye mvi, mwenye mstari wa pasi, mwenye kupanga zamu, anayeuliza kwa sauti ya upole kabisa. "Hapana, Inchaji."

Tukambeba. Alikuwa mzito, na alimpiga Nakato pajani kwa kikono chake mpaka akapata alama. Inchaji alituongoza akiwa nchi kavu: taratibu, inueni kushoto, shusheni sasa. Tulipomwachia majini, akamwangalia mpaka alipozama, akapiga saluti. Kweli, saluti. Halafu akaandika: "Kasa mmoja, mkubwa, alikutwa nje ya eneo lake. Amesindikizwa. Hakuna madhara."

Haikupita nusu saa akaja mama mmoja wa Kihindi, mwenye kofia pana, anafuata michirizi mchangani. Alikuwa akijitolea kuwaangalia kasa wa ufuo ule msimu wa kutaga. Baadaye tulimwita Mama wa Kasa. Aliuona mchirizi wa kupanda, akauona unakatika, kisha akaziona alama za miguu ya watu watatu na za buti. Akauliza kilichotokea. Inchaji, bila wasiwasi, akamfungulia daftari na kumsomea kwa Kiingereza.

Yule mama akakaa chini mchangani. Hakupaza sauti. Alieleza kwamba wengi huja usiku, ila wengine huchelewa, taa za mji zinawatisha, wanajaribu na kurudi, wanajaribu tena. Sehemu zilizobaki za kutagia ni chache. Huyu alikuwa amebeba mayai. Hata kumgusa haikuruhusiwa.

"Atarudi?" Inchaji akauliza.

Mama wa Kasa akasema huenda akarudi usiku uleule. Huenda akataga pengine. Huenda akayamwaga baharini, yakapotea. Angeweza kutushtaki, na tungestahili. Alitutazama, akaona tulivyo, akampa Inchaji namba yake. Akamwambia siku nyingine akimwona kasa akae mbali, nyuma yake, na azuie watu, maana akiona watu mbele hugeuka. Kisha ampigie.

Garini Inchaji alikaa upande wake wa AC, akaandika mara tatu neno "huenda", akapiga mstari juu ya yote matatu. "Huenda si ripoti," alisema. Siku hiyo hakumpigia mkewe.

Tangu hapo tukawa na Inchaji mwingine, aliyevaa suruali ileile. Alikwenda ufukweni kila Jumapili, tukiwapo au tusipokuwapo. Msimu uliofuata wa kutaga ulipofika aliomba likizo yake, siku ambazo wenzake wanazitunza kwa ajili ya kwenda nyumbani, akazimaliza palepale akitazama mchanga. Aliwaona kasa wengi majini. Aliona michirizi ya waliokuja usiku na kuondoka. Lakini kumwona mmoja anapanda, anataga, anarudi, bila mtu kumrudisha, hilo halikutokea. Na alilitaka hilo kuliko kitu chochote, na hakulificha. Alisema yeye amerudisha watu getini maisha yake yote ya kazi na hajawahi kukosa usingizi, kwa sababu kila aliyemrudisha alikuwa na mahali pengine pa kwenda. Yule hakuwa na pengine.

Hata getini kulibadilika. Kwenye daftari la wageni akaongeza safu mpya: "Sababu ya kuja." Hakuna aliyemwagiza. Foleni ikawa ndefu, maana alikuwa anaisoma sababu ya kila mtu na kuuliza maswali. Madam wa utawala akashuka kuuliza kuna nini. Inchaji akamwambia kwamba si vizuri kumzuia mtu kabla hujajua amefuata nini. Madam akasema sawa, lakini yule ni fundi wa lifti na lifti imekwama na watu ndani.

Mimi dhamiri ilinisumbua kwa miezi. Nilijitetea kwamba asiyejua maana haambiwi maana, lakini yeye aliuliza, na mimi nilikuwa na maana mdomoni nikaimeza. Siku niliposhindwa ni siku aliyokuwa anawaeleza walinzi wapya kisa kile, kama fundisho, akasema, "Na miongoni mwetu hakuna aliyejua." Zamu ilipokwisha nikaenda kibandani kwake. Mficha uchi hazai. Nikamwambia nilijua, tangu mwanzo, na kwa nini sikusema.

Akafungua droo, akatoa fomu ya onyo. Akaijaza mbele yangu kwa mwandiko wake mzuri: kosa, kuficha taarifa muhimu kwa msimamizi. Nikatia saini, macho yananiuma. Akatoa fomu ya pili. Hiyo akajiandikia mwenyewe: kosa, kutouliza kasa amefuata nini. Akasaini pale pa mtoa onyo, akasaini na pale pa mpokea onyo, akapiga mhuri zote mbili.

"Wewe umenyamaza kwa kuniogopa," alisema. "Sasa mtu anayeogopwa mpaka kasa hapiti, huyo ni inchaji wa nini?" Fomu hizo hazikufika kwa utawala. Zilibaki kwenye droo, juu ya biskuti zake za tangawizi, na kila alipozitoa biskuti alinikaribisha.

Mkataba wangu ulipokwisha nikapata kazi ya mapokezi kwenye kampuni moja ya mizigo, Dubai Airport Freezone, upande mwingine kabisa wa mji. Nikahama chumba. Nakato akaenda Qatar. Tukabaki na Inchaji wa kwenye simu, anayetuma kila Jumapili picha ya mchanga usio na kitu, na maneno mawili chini yake: "Hakuna tukio." Nilizoea kuzitazama na kutabasamu na kuzifuta. Ndivyo miaka ilivyokwenda.

Mwaka huu, mwezi wa nne, akanipigia. Kampuni haikumwongezea mkataba, umri umepita. Ndege yake ni Jumanne. "Jumapili saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Wafula atakupitia."

"Inchaji, mimi Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kulala."

"Utalala nikiondoka."

Wafula alinipitia, amekonda kidogo, gari lilelile. Tulipofika akalaza kiti nyuma na kusema yeye ametoka zamu, tukiona maajabu tumwamshe. Inchaji alikuwa ameshatangulia kwa teksi. Niliposhuka kwenda ufukweni nilimkuta amesimama kando ya kichaka, amezeeka zaidi ya picha zake. Sikumwambia. Aliniambia mimi nimenenepa, na kwamba ni vizuri.

Tukasubiri. Giza likawa kijivu, kijivu kikawa mwanga. Kando ya maji heroe walikuwa wanatembeatembea. Hakuna tukio. Nilikuwa nimeanza kupanga maneno ya kumfariji, na maneno yenyewe yalikuwa hafifu, nilipomsikia anasema taratibu, "Yule."

Kichwa kilikuwa kimetoka majini, pale maji yanapokutana na mchanga. Kisha mgongo wote. Ng'amba. Akatulia, akahema, akaanza kupanda.

Sitasema alikuwa yuleyule. Inchaji naye hakusema. Nilimwona tu amekaza midomo kama mtu anayebebeshwa kitu kizito.

Hapo ndipo tuliposikia sauti nyuma yetu. Kwenye njia itokayo barabarani kulikuwa na kundi la watu wanashuka, na viti vya kukunja, na watoto wanaokimbia mbele, na mwanamume mwenye kamera kubwa. Wangemkatiza mbele kabisa. Inchaji aliwatazama, akamtazama kasa, mara moja. Akageuka, akawafuata kwa hatua ndefu, akasimama katikati ya njia, mikono nyuma, mgongo baharini.

Mimi nilijilaza nyuma ya kichaka. Nilisikia mwanamume mmoja akisema ufuo huu ni wa watu wote. Nikasikia Kiingereza cha Inchaji, cha getini, cha pole na kisichosogea. "Yes, sir. Everybody. But there is a mother inside. Please wait."

Wakangoja. Sijui ni zile buti au ni lile neno. Watoto waliketi chini. Wakaja na wengine, wakimbiaji wawili, wakakuta watu wamesimama, nao wakasimama.

Simu yangu ikatetemeka. Ni yeye, hatua arobaini kutoka nilipo, simu sikioni, kwenye lile sikio zima.

"Anafanya nini?" alinong'ona.

"Anapanda."

"Amefika wapi?"

"Amevuka majani makavu. Amefika kwenye vichaka. Inchaji, geuka basi uone, watu wametulia."

"Nikitazama mimi, na hawa watataka kutazama. Anafanya nini sasa?"

"Anachimba. Kwa vikono vya nyuma. Kimoja, halafu kingine. Anautoa mchanga taratibu, kama mtu anayechota unga."

Nilimwona kwa mbali, mgongo umenyooka, mkono mmoja nyuma umeshika kitambaa cha suruali, unaukunja ule mstari wa pasi. Nikamwambia kasa ametulia, hachimbi tena, anataga.

"Umeyaona mayai?"

"Kutoka hapa siwezi kuyaona."

"Basi usiseme anataga. Sema ametulia."

Mama wa Kasa akaja; Inchaji alikuwa amempigia kabla ya kunipigia mimi. Yeye Inchaji alimpisha. Akapita akiwa ameinama, akamzunguka kasa kwa mbali sana, akamjia kwa nyuma kwa kutambaa na magoti yake ya utu uzima. Akachungulia. Akabaki hapo, kisha akanigeukia na kuitikia kwa kichwa mara moja, akitabasamu.

"Inchaji," nikasema kwenye simu. "Mama wa Kasa ameyaona mayai."

Simu ilikuwa bado imeunganishwa, nasikia pumzi yake tu. Mimi nililia pale mchangani, na sikuona sababu ya kujizuia.

Ilichukua muda mrefu. Jua likapanda. Kasa alifukia shimo, akautawanya mchanga huku na huku kuficha mahali, akageuka, akaanza kurudi, amechoka, akisimama mara kwa mara. Kila aliposimama nilimwambia Inchaji amesimama, na kila alipoendelea nilimwambia anaendelea. Wimbi likamfikia. Akainua kichwa. La pili likambeba.

"Ameingia," nilisema. "Ameondoka."

Hapo ndipo alipogeuka. Mbele yake kulikuwa na maji matupu na mchirizi wa kupanda na mchirizi wa kushuka. Watu wakampita upande huu na huu na viti vyao, wengine wakimshukuru, mwenye kamera akilalamika. Akaja mpaka nilipokuwa, akakaa chini mchangani, suruali na yote, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Haya," alisema. "Anzia alipotoka."

Nikamsimulia. Nilipofika mwisho akasema, "Tena. Na usiruke pale pa unga." Nikamsimulia tena. Nilikuwa nakaribia kumaliza Wafula akaja anajikokota, macho mekundu ya usingizi, akaona michirizi, akaona nyuso zetu.

"Aki boss, mbona hamkuniamsha? Nimekosa kuona?"

"Hata mimi sikuona," Inchaji akamwambia, akisogea kumpisha nafasi. "Kaa. Anatusimulia."